Baada ya Kisu: Maumivu na Uponaji katika Ugogo

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa mtaa wetu alijifungua kwa upasuaji. Jioni ya siku ya pili tulikwenda kumwona, watu kumi na mmoja kwa hesabu, tukiwa na chupa ya uji, mkate na vitabu vya nyimbo. Tulimkuta amelala chali, shuka imevutwa hadi kifuani. Tulipomwuliza hali yake alisema anamshukuru Mungu. Tulipomwuliza kama anaumwa alitabasamu tu. Basi tukaimba, tukaomba, na katika kuomba mmoja wetu akamshukuru Mungu kwa ajili ya dada huyu mwenye imani, asiyelalamika kama wengine. Kitanda cha jirani kulikuwa na binti aliyekuwa analia kwa sauti, na ombi lile lilimfika masikioni vizuri kabisa.

Siku nne baadaye mama yule alikuwa na homa ya mapafu. Nesi alitueleza sababu bila ukali. Mshono ulikuwa unamwuma sana, kwa hiyo alikuwa akipumua juu juu, hakohoi, hajigeuzi, wala hainuki kitandani. Makohozi yakakaa kifuani. Dawa ya maumivu ilikuwepo, lakini kila alipoulizwa na wauguzi aliwajibu vilevile alivyotujibu sisi.

Alipona, Mungu ni mwema. Ila sisi tuliomsifu kwa kunyamaza tulirudi nyumbani na aibu, na swali ambalo halikutuacha: ni wapi tulikojifunza kwamba mwenye imani haugui? Insha hii imetokana na kulitafuta jibu la swali hilo katika historia yetu wenyewe, watu wa Dodoma na nyanda hizi kavu za kati.

Sehemu ya jibu ni ya zamani kuliko kanisa. Kabla hapajakuwa na hospitali hata moja Ugogo, kisu kilikuwepo. Kilikuwa cha jando. Vijana walitolewa nyumbani, wakatahiriwa, wakakaa kando pamoja hadi walipopona, wakiuguzwa na watu wazima wenye ujuzi na kufundishwa nyimbo na mambo ya utu uzima. Aliyelia wakati wa kukatwa alijiletea fedheha yeye na jamaa yake. Tukiyatazama mambo haya kwa haki, tunaona mawili kwa pamoja. La kwanza ni ule ukali wa kudai ukimya. La pili, ambalo hatulisemi mara nyingi, ni kwamba wazee wetu walijua uponaji una muda wake na mahali pake. Hakuna aliyemtarajia kijana atoke kwenye kisu asubuhi na kuchunga ng'ombe jioni. Alilishwa, alikuwa na wenzake, alikuwa na mtu wa kukiangalia kidonda.

Wasichana nao walikeketwa, na kwao ukimya ulidaiwa vilevile. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini Dodoma imeendelea kutajwa miongoni mwa mikoa ambako jambo hili halijaisha. Hatuwezi kuandika juu ya maumivu Ugogo tukaliruka. Wengi wa mama zetu somo la kwanza la kuumwa bila kusema walilipata hapo, wakiwa watoto.

Wamisionari wa CMS walipoweka kituo Mpwapwa katika miaka ya 1870, walikuwa na daktari pamoja nao, Edward Baxter. Wakati huo dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa kupasuliwa ilikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo tu. Hadharani ilionyeshwa mara ya kwanza Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, pale William Morton alipomvutisha mgonjwa mvuke wa etha na uvimbe wa shingoni ukakatwa bila yeye kupiga kelele. Mwaka uliofuata, huko Edinburgh, James Simpson alianza kutumia klorofomu kwa akina mama wanaojifungua.

Hapo ndipo kanisa linapoingia, na si kwa sifa zote. Walikuwepo Wakristo waliompinga Simpson. Walisema uchungu wa kuzaa umetajwa katika Mwanzo sura ya tatu, na anayeuondoa anapingana na Mungu. Simpson, aliyekuwa mtu wa Biblia pia, aliwajibu kwa kurudi nyuma sura moja tu. Akawaonyesha kwamba Mungu alipotaka kutwaa ubavu wa Adamu, kwanza alimletea usingizi mzito, na baada ya kuutwaa alipafunika mahali pale kwa nyama. Upasuaji wa kwanza katika Maandiko, basi, haukufanyika kwa mtu aliye macho. Mabishano yale hayakuisha siku moja, lakini mwaka 1853 Malkia Victoria mwenyewe alivuta klorofomu alipokuwa anamzaa mwanawe Leopold, na baada ya hapo wapinzani wengi walipunguza sauti.

Kiswahili nacho kilipata neno lake: nusukaputi. Wengi wetu tunasikia humo ndani neno la Kijerumani la kitu kilichokwisha, kilichokufa. Nusu kufa. Si neno la kumtuliza mgonjwa, na hatushangai kwamba bibi zetu walipoambiwa watapigwa nusukaputi waliwaaga watoto kwanza.

Dayosisi ya Central Tanganyika ilianza mwaka 1927, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers, na kazi ya CMS hapa ikabebwa zaidi na Waanglikana wa Australia. Mvumi, kilomita kama arobaini kutoka Dodoma mjini, ndiko ilikokuwa hospitali inayojulikana zaidi. Mwaka 1938 alifika hapo daktari kijana, Paul White, pamoja na mkewe. Walikaa miaka michache tu. Mwaka 1941 walikuwa wamekwisha kurudi Australia kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe. Lakini yale aliyoyaona Mvumi aliyageuza kuwa vitabu vya watoto na vipindi vya redio, na kwa njia hiyo Ugogo ukasikika katika nyumba za watu wasioweza kuonyesha Tanganyika kwenye ramani. Sisi tunaovisoma vitabu vile leo tunaona humo jinsi mzungu wa wakati ule alivyowatazama babu zetu, na si kila ukurasa unatufurahisha. Hata hivyo vinatukumbusha kazi ilivyokuwa: hospitali ya kijijini, vifaa vichache, maji ya kuhesabu, na wasaidizi Wagogo ambao bila wao daktari asingeweza kuelewa hata mgonjwa anaumwa wapi.

Etha ya siku zile ilidondoshwa tone kwa tone juu ya kitambaa kilichowekwa puani na mdomoni. Kisu hakikusikika. Ila mgonjwa alipoamka alitapika, na kutapika ukiwa na mshono mpya tumboni ni adhabu ambayo aliyeipata haisahau. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha historia ilivyokwenda. Udaktari ulijifunza mapema kuyaondoa maumivu ya saa ile ya kukatwa. Maumivu ya usiku ule, na kesho yake, na ya kutwa inayofuata, yaliachwa kwa muda mrefu kuwa jambo la mgonjwa mwenyewe na ndugu zake.

Na ndugu walikuwepo. Ukiuliza nani aliuguza watu katika hospitali za misheni, usiwataje madaktari na masista peke yao. Taja shangazi aliyekuja kwa miguu na sufuria kichwani, akalala sakafuni chini ya kitanda au nje ya jengo, akawasha moto wa mafiga matatu na kusonga ugali wa uwele kwa mlenda. Yeye ndiye aliyemgeuza mgonjwa usiku, yeye ndiye aliyejua kwamba kidonda kimeanza kunuka kabla ya mtu mwingine kujua. Jina lake halimo katika kumbukumbu za misheni.

Mvumi baadaye ilipata sifa kwa upasuaji wa macho. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1985 alifanya kazi hapo daktari wa macho Allen Foster kutoka Uingereza, ambaye utafiti wake juu ya surua, upungufu wa vitamini A na upofu wa watoto ulisomwa mbali. Kwa wazee wetu, hata hivyo, Mvumi ilimaanisha mtoto wa jicho. Upasuaji huo una historia yake ya mateso ya baada. Popote duniani, katika enzi za awali, mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho alilazwa chali kwa siku nyingi, macho yote mawili yamefungwa, mifuko ya mchanga imewekwa pande zote za kichwa asikigeuze. Jicho lenyewe halikuuma sana kama mgongo ulivyouma, na kama giza lile lilivyoulemea moyo. Nyuzi nyembamba na mbinu mpya zilipokuja, siku zile zikapungua hadi usiku mmoja, na leo wengi hurudi nyumbani siku ileile. Mwaka 1949 Harold Ridley aliweka lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho huko London, lakini ilichukua miongo mingi kabla bibi wa Ugogo hajaipata. Kabla ya hapo alirudi kijijini na miwani mizito kama kitako cha chupa.

Kongwa ni habari nyingine, na ndiyo iliyotugusa zaidi. Wengi wanaijua Kongwa kwa ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ukafa kwa ukame na ugumu wa udongo. Kongwa inajulikana pia kwa trakoma, ambayo watu huiita vikope. Ugonjwa huu huanza utotoni, ukirudia rudia hukunja ukope kwa ndani, na kope zikaanza kukwaruza mboni kila mtu anapopepesa. Wanawake huupata zaidi kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto. Tumewaona bibi zetu wakiwa na vibanio vidogo vimefungwa kwenye pindo la kanga, wakingoja mjukuu mwenye macho mazuri awang'oe kope mojamoja. Haya ni maumivu ambayo mtu anaishi nayo miaka kumi, ishirini, mpaka giza linapomkuta.

Dawa ya hali hiyo ni upasuaji mdogo. Ukope huchomwa ganzi, hukatwa na kushonwa upya ili kope zitazame nje. Haihitaji nusukaputi, na muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuufanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na wenzao Watanzania wamefanya kazi Kongwa tangu miaka ya 1980, na ndiko ilikochunguzwa faida ya jambo dogo kama kuwanawisha watoto uso. Lakini waliwafuatilia pia wanawake walioshauriwa kufanyiwa upasuaji wa ukope, wakakuta kwamba wengi hawakwenda.

Ni rahisi kusema waliogopa kisu. Sisi tunaowajua bibi hawa hatuamini kwamba ni hofu peke yake. Mwanamke aliyepita jandoni kwa ukimya, aliyezaa mara nane sakafuni, haogopi sindano ya ganzi. Anachohesabu ni siku za baada. Jicho limefungwa: nani atachota maji? Nani atainama kwenye moshi wa kuni? Nani atapalilia, maana mvua ya Ugogo haimngoji mtu? Kupasuliwa ni saa moja. Kupona ni majuma, na majuma hayo yanahitaji mtu mwingine wa kubeba ndoo. Asiye na mtu huyo anaendelea kung'oa kope. Huduma zilipoanza kupelekwa karibu na vijiji badala ya kungoja watu waje hospitali, sehemu ya mzigo huo ilipungua. Sehemu iliyobaki haikuwa ya daktari. Ilikuwa ya jirani, na jirani wengi wa Kongwa ni watu wa kanisani.

Hapa tulikumbuka mfano wa Msamaria. Tumeuhubiri mara nyingi, na karibu kila mara tunaishia njiani, pale alipomhurumia mtu na kumfunga jeraha. Lakini Bwana wetu hakuishia hapo. Anasema jinsi alivyomimina mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni na kumtunza. Na kesho yake akatoa dinari mbili kwa ajili ya siku za kupona, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Sehemu kubwa ya tendo lile jema imo katika siku za baada.

Turudi kwenye wodi. Kuanzia miaka ya 1970 ketamini ilienea katika hospitali za vijijini Afrika, kwa kuwa haihitaji mashine kubwa na mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Wengine huamka nayo wakiwa wameona maono ya ajabu, na tumewahi kusikia ushuhuda mmoja au miwili kanisani ambao daktari angeueleza kwa njia nyingine. Hatuwacheki. Mtu aliyeamka salama ana haki ya kushukuru. Ila aliyetishwa na ndoto zile anahitaji kuambiwa kwa upole kwamba ni dawa, si mapepo.

Kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji, sindano ya mgongo ndiyo iliyozoeleka sasa. Mjerumani August Bier aliijaribu mwaka 1898, na yeye mwenyewe alipochomwa alipata kichwa kilichomwuma siku kadhaa, nafuu yake ikiwa ni kulala. Kichwa hicho bado huwapata baadhi ya akina mama, huzidi wakikaa na hupungua wakilala. Ni jambo la kumwambia muuguzi mara moja. Maneno ya mtaani kwamba sindano hiyo humwachia kila mtu mgongo wa maisha ni ya kuyatia mizani, maana hata waliojifungua kwa njia ya kawaida huumwa mgongo.

Mofini ilichelewa kuliko zote. Iliogopwa na serikali, na madaktari, na sisi pia; tuliambiana kwamba atakayepewa atakuwa teja. Mabadiliko makubwa katika Afrika Mashariki yalianzia Uganda, Anne Merriman alipoanzisha huduma ya Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ambayo mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kuiandika. Kwetu Tanzania, hospitali za Kilutheri zilifanya kazi kubwa ya tiba shufaa, kuanzia Selian huko Arusha na kuendelea hadi hospitali zao nyingine. Huduma hiyo iliwalenga kwanza wenye saratani, lakini ilileta wodini desturi ambayo sasa inawafaa hata waliopasuliwa, yaani kuyauliza maumivu na kuyapima. Mgonjwa huonyesha mkono. Ngumi iliyofumbwa ina maana hakuna maumivu. Vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Hata bibi asiyejua Kiswahili vizuri anaweza kuinua vidole vitatu.

Waliopasuliwa, tulielezwa, wapewe dawa kwa saa zake kabla maumivu hayajapanda, kwa sababu yakishapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Matumizi ya siku chache chini ya uangalizi si ndiyo yanayotengeneza mateja. Na lengo si raha tu. Asiyeumwa sana hukohoa, huinuka, hutembea hadi chooni. Damu haigandi miguuni, na mapafu hujaa hewa.

Lipo andiko ambalo limetumika kuwanyima watu faraja hii. Marko anasimulia kwamba Yesu alipewa divai iliyotiwa manemane kabla ya kusulubiwa, akaikataa. Mzee mmoja wetu aliwahi kulitumia kumwonya mgonjwa wa tezi dume asipokee sindano. Tulikaa na andiko hilo muda mrefu. Yesu alikataa kwa ajili yake mwenyewe, katika saa iliyokuwa yake peke yake. Katika Injili zote nne hatumkuti akimwambia mgonjwa hata mmoja avumilie. Na katika sura hiyohiyo, mistari michache mbele, alilia kwa sauti kuu. Kama kunyamaza kungekuwa ndiko imani, Marko angeyaficha machozi yale.

Tangu mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma imekuwa ikipandikiza figo. Anayetoa ni ndugu aliye hai. Huyu aliingia chumba cha upasuaji akiwa mzima na akatoka na jeraha, kwa hiari yake. Wageni hukimbilia kitanda cha aliyepokea. Aliyetoa naye anaumwa.

Kamati yetu ya kutembelea wagonjwa imebadilika kidogo. Hatuendi tena kumi na mmoja. Tunakwenda wawili au watatu, na wengine hubaki kupanga zamu ya maji, kuni na watoto nyumbani kwa mgonjwa hadi atakaporuhusiwa kubeba ndoo. Mama yule aliyepata homa ya mapafu sasa ni mmoja wetu. Hubeba kitenge kilichokunjwa mara nne. Akifika kitandani husema mbukwa, huketi, na kabla ya wimbo wala ombi humwomba mgonjwa amwonyeshe vidole. Vikiwa vinne au vitano, humwita nesi. Kisha humwekea kitenge kile juu ya mshono, akimwonyesha namna ya kukishikilia kwa mikono miwili, na kumwambia, "Haya, mwanangu, kohoa. Ukitaka kulia, lia."